Tandabui Kwenye Boriti Si Nuksi ya Bi Harusi



Kuna maneno tumechoka kuyasikia. Mwali kahamia kwa mume, hata hina haijafifia mkononi, mawifi wanakuja kumtazama. Chai ipo, vitumbua vipo, udi unafuka. Wageni hawatazami sinia, wanatazama juu kwenye kona ya boriti. Wakiona tandabui moja tu, hapo ndipo maneno yanapoanza. Wa kwanza atasema nyumba ina nuksi. Wa pili ataongeza kuwa riziki haiingii penye utando. Wa tatu, anayejifanya mjuzi, atanong'ona kuwa kuna mtu "kafunga kitu" humo ndani. Miezi ikipita mwali hajashika mimba, tandabui lile linakumbukwa kama ushahidi wa mahakamani.

Sisi tunasema huu ni uonevu, na kinachotuudhi zaidi ni kuwa unavishwa kanzu ya dini.

Tuanze na hiyo riziki. Maneno kwamba kuacha utando nyumbani kunaleta ufakiri si hadithi ya Mtume (s.a.w.). Ni kauli inayonasibishwa na Sayyidna Ali, imo katika baadhi ya vitabu vya tafsiri, ikiwemo ya Al-Qurtubi, na isnadi yake ni dhaifu. Hata ingekuwa sahihi, ingemwambia mtu ashike ufagio. Isingempa wifi ruhusa ya kumtangaza mke wa kaka yake mtaa mzima.

Wapo na wa upande wa pili, wanaosema tandabui lisiguswe kabisa kwa sababu ya Pango la Thaur. Kisa tulifundishwa sote chuoni tukiwa wadogo: Maquraishi walifika mlangoni mwa pango, wakaona utando mzima, wakarudi. Pango limetajwa ndani ya Qur'ani, Surat At-Tawba aya ya 40, pamoja na nusura ya Allah na majeshi yasiyoonekana. Buibui hakutajwa hapo. Yeye amekuja katika riwaya ambazo wanazuoni wamekhitalifiana: Ibn Kathir aliikubali, Al-Albani akaidhoofisha. Anayekipenda kisa hiki akipende, sisi pia tunakipenda. Lakini hakihusu vumbi la miaka mitatu juu ya kabati lako.

Katika hadithi ya Ibn Abbas iliyopokewa na Abu Dawud, wametajwa viumbe wanne wasiouliwa: sisimizi, nyuki, hudihudi na ndege aitwaye surad. Buibui hayumo. Na katika wale watano wenye madhara walioruhusiwa kuuliwa, yaani kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mwenye kung'ata, hayumo vile vile. Basi utakatifu huu, na uadui huu, tumevitoa wapi? (Jina lake lenyewe tumelivaa. Bibi zetu walitoka barabarani na mabuibui yao meusi kabla abaya hazijaja, na hatukusikia mtu akiita vazi lile nuksi.)

Surat Al-Ankabut, sura ya 29, ndiyo iliyobeba jina lake. Aya ya 41 inawafananisha wanaojifanyia walinzi badala ya Allah na buibui aliyejijengea nyumba, kisha ikasema nyumba dhaifu kuliko zote ni hiyo yake. Sasa tazameni mambo yanavyopinduka: mtu anaona utando chumbani kwa mkwe wake, anatoa pesa, anakwenda kwa mganga kupiga ramli ili nyumba "ifunguliwe". Aya imemsema nani hapo, bi harusi aliyechelewa kufagia au huyu aliyekwenda kwa mganga?

Buibui anakaa pale penye chakula. Taa ya mlangoni ikiachwa ikiwaka usiku kucha, wadudu wanaizunguka, naye anatanda pembeni yake. Wale wembamba wenye miguu mirefu wanapenda kona zisizoguswa, na mara nyingi utando tunaouona ni mkuukuu, mwenyewe kashauhama, vumbi ndilo limeufanya uonekane. Yule bapa wa rangi ya udongo anayetutisha chooni usiku, jike lake likibeba mfuko wa mayai mweupe chini ya tumbo, hana hata utando wa kunasia. Anawinda kwa miguu, na mende ni katika chakula chake. Kule Mbita, Kenya, kandokando ya Ziwa Victoria, watafiti wamemchunguza buibui mdogo anayeruka ambaye hupendelea kula mbu walioshiba damu. Hatusemi mvue chandarua. Tunasema utando unakupa habari ya mbu na vipepeo vya usiku, hauna habari yoyote ya husuda.

Na sasa lile linalotutia hofu. Bi harusi akishaaibishwa anakimbilia dukani kununua dawa ya kopo, au vibaya zaidi, dawa ya shambani iliyopimwa kwenye chupa ya maji isiyo na karatasi ya maelezo. Anapuliza chumba kizima, anafunga madirisha, kisha analala humo humo, pengine ana mimba, pengine ana kichanga ubavuni. Dawa nyingi za namna hii zina permethrini, ambayo ni sumu kali kwa paka. Za shambani zinaweza kumuumiza hata mtu mzima. Upulizaji wa malaria unaofanywa na watu wa afya ni jambo jengine: wao wamefundishwa, na dawa yao ina kipimo. Tandabui halihitaji sumu. Funga ufagio wa chelewa kwenye ufito mrefu, funika kitanda kwa kanga kuukuu, jifunge mtandio puani, pangusa. Buibui mwenyewe mtoe nje kwa gilasi na kipande cha karatasi. Akirudi wiki ijayo, zima taa ya nje mapema na uzibe nyufa za dirisha, kwani bila ya wadudu hana cha kumweka hapo.

Limebaki moja. Boriti za nyumba za Mji Mkongwe ziko juu, na paa la makuti shamba liko vile vile. Bi harusi wetu wengi hawafiki hata wakipanda kiti, na kupanda kiti na mimba ya miezi saba hatumshauri mtu. Mwenye urefu humo ndani ni mume. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wake, na wakati wa sala ukifika akatoka. Somo anamfundisha mwali singo, kufukiza na kutandika. Hatujasikia mjomba aliyemweka bwana harusi chini akamfundisha kupangusa dari. Ijumaa hii, kabla ya kwenda msikitini, kuna nafasi ya kutosha: ufito uko nyuma ya mlango.