Kiondo Hakijaibwa, Kimeachwa Bila Jina

Taja kiondo mbele ya Wakenya na lazima mmoja aseme: "Si Wajapani walituibia?" Nimeisikia kwenye matatu, nimeisikia chuoni kabla sijaacha masomo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunionyesha cheti cha huo wizi.

Hebu tuangalie Wajapani wamefanya nini na vitu vyao wenyewe. Kule Hakone mafundi hutengeneza visanduku vya mbao vya urembo. Hawapaki rangi. Wanaunganisha kwa gundi vijiti vya miti ya rangi tofauti mpaka nakshi itokee, kisha wanaranda ubao mwembamba kama karatasi na kuubandika juu ya kisanduku. Vingine vina siri: usiposukuma vipande kwa mpangilio wake, havifunguki. Mwaka 1974 Japani ilitunga sheria ya kulinda kazi za mikono za jadi, na mwaka 1984 nakshi ya Hakone ikatambuliwa chini yake. Ukinunua kisanduku, umenunua na jina la mahali.

Sasa njoo Makueni. Nyanya yangu, susu kama tunavyomwita, anasokota katani kwenye paja, anaipaka rangi, anasuka hata akitembea kwenda sokoni. Broka anakuja, anataja bei, anabeba. Kikifika Nairobi kiondo kinaitwa "kikapu cha Kiafrika". Afrika ni kubwa, bana. Kibwezi iko wapi kwenye hiyo lebo? Mwingi je?

Na usiniambie hatuna sheria. Tunayo ya mwaka 2016, ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na inazitaka kaunti ziweke rejista. Basi nauliza Kitui na Makueni: mitindo ya akina susu imeandikwa wapi? Nani ameketi nao na kalamu?

Utasema rejista haijazi sufuria. Kweli. Lakini kitu kisicho na jina, bei yake hupangwa na broka.

Na sisi vijana tusijitoe. Kisanduku chenye mtindo wa Kijapani tunalipia bila kupumua, halafu tunafika kwa mama wa viondo na kuanza, "Punguza kidogo, mathe."

Siku Mjapani akija kweli na fomu yake, atakuta nafasi ya jina iko wazi. Ni sisi tuliiacha hivyo.