Niiuze au Nife Nayo?

Wiki hii usingizi sina. Kuna jamaa kaja na mshiko mkononi, anaitaka Honda yangu, CB400 Super Four ya mwaka 1999. Ile ya kukaa tumbo wazi, injini yote nje.

Hela yake inatosha kununua Boxer na kulipa kodi ya chumba miezi sita. Bi mkubwa anasema uza. Fundi wangu naye kasimama upande wake, na huyo ndiye anayeniuma kwa sababu hasemi uongo. Boxer ni silinda moja, kabureta moja, spea zimejaa Kariakoo. Yangu silinda nne, kabureta nne. Moja ikienda kombo, injini inakohoa kama mgonjwa. Spea naagiza mbali, nasubiri mpaka nasahau. Na Honda wenyewe waliacha kuitengeneza mwaka 2022.

Lakini nyie, mmewahi kuisikia? Taratibu, kila silinda inatumia valvu mbili tu. Ikigonga mizunguko 6,750 kwa dakika, mbili zilizolala zinaamka, mlio unageuka, na moyo nao unapanda kooni. Boxer itanipa hicho?

Jumapili niliipeleka Bagamoyo kuiaga, eti. Niliporudi nikamwambia jamaa asubiri mpaka Jumamosi. Fundi kacheka sana. Kumbe kaniona dukani nikinunua plagi mpya, zote nne.