Kazi za msanii zikiungua, familia imfanyie nini?

Nyumba ikiungua, majirani huja na neno moja: "Mshukuru Mungu umetoka salama, vitu vinatafutwa." Kwa mwenye duka la nguo neno hilo lina ukweli wake. Bidhaa ilikuwa na bei, na fedha ikipatikana inanunuliwa nyingine. Kwa msanii halifiki mbali. Kinyago alichokaa nacho miezi minne hakuna duka kinakouzwa. Ndiyo maana mke, mume au mzazi hushangaa kumwona mtu aliyetoka motoni bila mchubuko akikaa kimya wiki nzima, chakula hakigusi, mpaka wengine wanaanza kunong'ona kwamba hana shukrani.

Familia iliyofikwa na jambo hilo ingefaa iijue habari ya Martin Puryear, msanii mweusi wa Marekani anayefanya kazi zake zaidi kwa mbao. Tarehe 1 Februari 1977 moto uliteketeza karakana yake na makazi yake Brooklyn, New York. Alikuwa na umri wa miaka 35. Kazi nyingi alizokuwa amezitengeneza hadi siku hiyo ziligeuka majivu.

Puryear alizaliwa Washington mwaka 1941, katika nyumba ya watoto saba. Baba alikuwa mfanyakazi wa posta, mama mwalimu. Tangu ujana mikono yake haikutulia: alitengeneza magitaa, samani, hata mitumbwi. Mwaka 1964 alikwenda Sierra Leone kwa kujitolea, akafundisha sekondari katika mji wa Segbwema kwa miaka miwili. Huko alikaa karibu na maseremala waliokuwa wakifanya kila kitu kwa vifaa vya mkono. Aliwatazama wanavyopiga randa, wanavyounganisha mbao, akajifunza kwao. Alipelekwa kuwa mwalimu, akaondoka akiwa mwanafunzi wa mafundi wa huko, jambo ambalo wageni wengi wanaokuja kufundisha Afrika hawalipati kwa sababu hawalitafuti. Kutoka Sierra Leone alikwenda Sweden kusoma sanaa, na huko pia akatafuta fundi samani wa kujifunza kwake.

Elimu hiyo yote ilikuwa mikononi mwake siku moto ulipowaka. Lakini mtu asikimbilie kumwambia hivyo mwenye msiba. Miaka baadaye Puryear mwenyewe alieleza kwamba kwanza kulikuwa na kipindi cha maombolezo, ndipo ikaja hali ya kujisikia mwepesi na huru, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mpangilio huo ndio wa kushika. Wepesi ulikuja baada ya kuomboleza, na ulikuja kwake mwenyewe, haukuletwa na shemeji aliyepita kutoa pole. Kumwambia mtu siku ya pili kwamba sasa ana nafasi ya kuanza upya ni sawa na kumwambia mjane kwamba sasa yuko huru.

Alirudi kazini mwaka uleule. Kwa maonyesho yake kwenye jumba la sanaa la Corcoran, Washington, alijenga kwa mbao za mwerezi kitu kama kibanda kikubwa cha duara. Katika bustani ya sanaa ya Artpark, jimbo la New York, aliweka sanduku la mbao na kando yake mti mmoja uliochongwa, mrefu wa mita 30 hivi. Mwaka uliofuata akahamia Chicago. Alitengeneza pia hema la duara la aina ya yale ya wafugaji wa Mongolia, nyumba inayokunjwa na kubebwa. Hahitaji mtu kusoma vitabu vya sanaa kuona kwa nini aliyeunguliwa na makazi angewaza nyumba ya kubebwa. Mwaka 1989 alipata tuzo kuu ya maonyesho ya São Paulo, Brazil, na mwaka 2019 ndiye aliyeiwakilisha Marekani kule Venice, Italia.

Hata hivyo lipo jambo lisilofaa kufichwa. Puryear alikuwa akifundisha chuo kikuu wakati ule, mshahara ulikuwepo. Wasanii wengi hawana. Moto ukishachukua kazi zilizokuwa ziuzwe mwezi ujao, ada ya watoto nayo imeungua, na hapo ndipo maneno magumu huanza ndani ya nyumba: aache mchezo huo sasa, atafute kazi ya maana. Neno hilo likisemwa katika wiki za kwanza halisahauliki. Afadhali mke na mume wakae wahesabu kwa daftari: akiba inatosha miezi mingapi, nani wa kukopesha, kodi ya karakana isubiri au irudishwe. Mazungumzo ya kuacha sanaa yakilazimika kuwepo, yawepo akili zikiwa zimetulia.

Siku zile za mwanzo kazi ya familia ni ndogo na ya mikono. Mtu asibebe kifusi kwenda kukitupa kabla mwenyewe hajapita akakiangalia, baada ya wazimamoto kuruhusu kuingia. Picha yenye masizi isifutwe kwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa masizi huzama zaidi kwenye rangi. Michoro ya karatasi iliyolowa maji ya kuzimia moto itandazwe kivulini penye upepo upesi, maana ukungu unaweza kuanza ndani ya siku mbili. Mwingine apige simu kwa walionunua kazi zamani, aombe picha zake. Kazi zilizowahi kutoka nje ya karakana, zikauzwa au kupewa ndugu, mara nyingi ndizo zinazobaki, na kwa msanii kuziona tena kwenye simu si jambo dogo.

Halafu vifaa. Watu huchangia magodoro na sufuria, nao wanafanya vyema, lakini ni mara chache kusikia mtu ameleta patasi. Fundi jirani anaweza kuazima randa na msumeno kwa miezi michache. Shangazi mwenye uwanja anaweza kutoa kona ya uani yenye kivuli, iwekwe meza. Vikae hapo bila kuulizwa kila jioni ametengeneza nini, hata vikikaa hadi mvua za masika zipite bila kuguswa.