Silikoni kwenye vipodozi: Inafunika, haitibu



Akina mama huniletea zahanati chupa za losheni wakiuliza: "Daktari, hii ina silikoni, si sumu?" Wengine huuliza kama udhu wao unasihi. Ni maswali ya haki, na yote yanarudi kwenye jambo moja: silikoni hufanya nini?

Hutengenezwa viwandani kutokana na silika, madini yaliyomo kwenye mchanga. Soma maandishi ya nyuma ya chupa. Majina yanayoishia na "cone" au "siloxane", kama dimethicone, mara nyingi ndiyo silikoni yenyewe.

Kazi yake ni kufunika. Juu ya ngozi huweka utando mwepesi unaopunguza kupotea kwa maji ya ngozi, nayo ikawa nyororo. Kwenye nywele hulainisha, kitana kikapita bila kukwama. Lakini haitibu chunusi, haiondoi madoa, wala hailishi nywele. Anayekuuzia kwa bei kubwa akiiita tiba anakudanganya.

Sumu? Dimethicone ikipakwa juu ya ngozi si sumu. Imo hata katika krimu za kumkinga mtoto na vipele vya nepi. Umoja wa Ulaya ulizibana D4 na D5, silikoni mbili nyepesi, katika vipodozi vya kusuuzwa tangu mwaka 2020 zisifike asilimia 0.1, kwa kuwa hukaa muda mrefu katika mazingira.

Ama udhu, sote tunajua Mtume (SAW) alivyoonya juu ya visigino visivyofikiwa na maji. Mafuta mepesi ni jambo moja. Krimu nzito ya rangi isiyotoka kwa maji ni jingine. Hukumu waulize masheikh. Ushauri wangu, dada yangu: usitupe kopo kwa hofu, wala usipuuze. Ukiona maji yanateleza usoni kama juu ya jani la mgomba, osha kwanza kwa sabuni, kisha tia udhu. Ni dakika mbili tu, na moyo unatulia.

Hofu yako ipeleke panapostahili: kwenye krimu za kujichubua zenye zebaki na haidrokwinoni, zilizopigwa marufuku hapa Tanzania na bado zinauzwa kwa siri. Hizo hazifunikii ngozi, zinaiharibu. Zebaki hudhuru hata figo.

Mwili ni amana. Tusome kabla ya kupaka.

Wabillahi tawfiq.