Siyo uvivu, jamani!

Wadau, leo nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Dada yangu alikuwa mtu wa kuamka alfajiri. Polepole akabadilika. Analala usiku kucha, anaamka kachoka. Anakula kidogo, ananenepa. Joto lote hili la Dar, yeye anazima feni na kujifunika blanketi! Nywele zikapukutika, ngozi ikakauka, sauti ikawa nzito, choo kikawa kigumu, na kusahau ndiyo usiseme. Mama akasema mvivu. Shangazi akasema karogwa. Mimi, msomi wa chuo kikuu, nikamwita bonge.

Zahanati je? Malaria. Akarudi: taifodi. Mwaka mzima ukapita hadi daktari mmoja alipoagiza kipimo cha damu kiitwacho TSH. Kumbe tezi ya thairoidi, ile iliyokaa mbele ya koo kama kipepeo, ilikuwa inatoa homoni kidogo mno. Homoni hiyo ndiyo inayopanga kasi ya mwili. Ikipungua, moyo, utumbo, hata akili, vyote vinakwenda mwendo wa kinyonga.

Tumekaririshwa kwamba ugonjwa wa tezi hii ni rovu, na kinga yake ni chumvi yenye madini joto. Ni kweli, lakini siyo kweli yote. Shingo ya dada haikuvimba, na chumvi yetu ina madini joto. Kwake ni kinga ya mwili iliyoigeuka na kuishambulia tezi, ugonjwa ambao Mjapani Hakaru Hashimoto aliueleza tangu mwaka 1912! Wanaougua zaidi ni wanawake, haohao tunaosema "wamejiachia".

Sisemi kila aliyechoka ana thairoidi. Upungufu wa damu nao unachosha, msongo wa mawazo nao. Ndiyo maana kuna vipimo. Dalili zikijikusanya na kudumu, mwulize daktari kuhusu TSH, hasa kama una mimba au unaitafuta, maana tatizo hili lisipotibiwa linaweza kudhuru ubongo wa mtoto tumboni. Tiba ni kidonge cha levothairoksini kila siku, tumbo likiwa tupu, mara nyingi kwa maisha yote.

Siku hizi dada anaamka kabla yangu. Nimeshamwomba radhi.

Wewe je, nyumbani kwenu mnamwita nani mvivu?