Pikipiki Kuukuu Isiuzwe kwa Kilo

Tembea kijijini uangalie nyuma ya nyumba za watu. Mara nyingi utaona pikipiki kuukuu. Kuku wanalala juu ya kiti chake. Magurudumu yamezama udongoni. Mzee alipoacha kuiendesha, hakuna aliyeigusa tena. Siku moja anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Anaipima, anatoa fedha kidogo, anaondoka nayo. Fedha hiyo haimalizi hata juma moja.

Mimi napinga uuzaji huo. Pikipiki nyingi za namna hiyo zaweza kufufuliwa hapo hapo nyumbani.

Chukua mfano wa Honda CG125. Kampuni ya Honda ya Japani ilianza kuitoa mwaka 1976. Iliundwa makusudi kwa ajili ya nchi kama zetu. Waliounda walijua kwamba pikipiki hubebeshwa mizigo mizito, na oili hubadilishwa kwa kuchelewa. Kwa hiyo hawakutumia cheni ndogo ndani ya injini kuendesha valvu. Walitumia fimbo mbili za chuma, kwa sababu hazisumbui. Cheni ya nje waliifunika isiliwe na mchanga. Baadaye viwanda vingi vya China viliiga injini hiyo. Ndiyo maana vipuri vingi vya bodaboda vya siku hizi vinafanana na vya Honda ile. Lakini kufanana si kuingia. Shika kipuri cha zamani mkononi, nenda nacho dukani, ukilinganishe kabla ya kutoa fedha.

Kazi ianze na kadi, siyo spana. Soma namba iliyogongwa kwenye fremu, karibu na usukani. Ilinganishe na namba iliyo kwenye kadi. Kama hazilingani, usiendelee mpaka ujue sababu. Kama kadi ina jina la marehemu, ndugu wote wakae kwanza wakubaliane. Pikipiki ikiwa kutu hakuna anayeitaka. Ikianza kunguruma, warithi huwa wengi!

Kisha chukua daftari. Kila kifaa unachofungua, andika jina lake na mahali kilipotoka. Chora pia, hata kama mchoro si mzuri. Nati na bolti zitie kwenye makopo, kila kopo na maandishi yake.

Injini iliyokwama isipigwe kiki kwa nguvu. Fungua plagi. Mimina oili kidogo ndani ya silinda, uache siku mbili tatu. Halafu ingiza gia ya juu kabisa, usukume gurudumu la nyuma polepole, mbele na nyuma. Tangi lenye kutu litie mafuta ya taa na changarawe safi. Litikise, limwage, rudia mpaka kutu iishe, na hakikisha hakuna jiwe lililobaki. Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na moto na sigara. Breki za zamani huenda zina asbesto. Vumbi lake hudhuru mapafu. Usilipulize kwa mdomo; lifute kwa kitambaa chenye maji.

Sasa mapambo. Vijana wengi huanza na rangi, breki baadaye. Wengine hukata bomba la moshi ili pikipiki ipige kelele. Kelele hazibebi mzigo, na mgonjwa wa jirani hapati usingizi. Ukitaka kuibadili, ibadili ifae kazi yako. Mfugaji atengeneze keria pana ya madumu ya maziwa, lakini asikate fremu. Taa nazo ziangaliwe. Pikipiki nyingi za zamani ni za volti 6. Ukiweka balbu ya volti 12, itawaka kama kibatari, nawe unaenda usiku!

Wapo watakaosema kwamba vipuri vitakula fedha kuliko pikipiki yenyewe. Kwa nyingine ni kweli. Kama fremu imepinda na injini imepasuka, iuze. Lakini ifungue kwanza. Kabureta nzima, rimu iliyonyooka na taa isiyovunjika vina wanunuzi wake kwa mafundi wa bodaboda, na hao hawaji na mizani.