Igunga na Fedha za Wote: Kabla ya Kusimamisha Kuta, Tuhesabu Gharama ya Dawa



Kila mwaka wa fedha unapokaribia, Halmashauri ya Wilaya ya Igunga, kama zilivyo halmashauri nyingine nchini, hukaa kupanga matumizi ya fedha za umma. Waamini wengi huusikia mpango huo ukiwa umekwisha kupitishwa, kana kwamba ni jambo la madiwani na wataalamu peke yao. Sisi tunaona kwamba hilo ni kosa, na katika kipindi hiki ni kosa lenye gharama kubwa kwa maskini.

Mwezi Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisitisha sehemu kubwa ya misaada yake kwa nchi za nje, na ilipofika Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, lilifungwa rasmi. Huduma za Virusi vya UKIMWI nchini Tanzania zilikuwa zimeegemea misaada hiyo kwa sehemu kubwa: upimaji, ufuatiliaji wa wagonjwa majumbani, pamoja na posho na mishahara ya baadhi ya wahudumu. Mfadhili anapoondoka, mgonjwa habanduki mlangoni pa zahanati. Swali la nani atambebea mzigo wake huishia mezani pa Serikali, na kwa sehemu mezani pa halmashauri.

Yafaa tuelewe kwanza halmashauri ina nini mkononi. Katika mwaka wa fedha 2016/2017 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3, na wa mazao ya chakula hadi asilimia 2. Mkulima wa pamba na wa mpunga alipata nafuu ya haki, lakini mfuko wa wilaya inayoishi kwa kilimo na mifugo ukapungua. Mwaka huohuo barabara za vijijini zilikabidhiwa TARURA, na mwaka 2019 maji vijijini yakakabidhiwa RUWASA. Kwa hiyo mwananchi anayemlaumu diwani kwa kila shimo la barabarani huenda anabisha hodi mlango usio wake. Afya ya msingi na shule, hata hivyo, zimebaki chini ya halmashauri, ingawa mishahara na fedha nyingi hutoka Serikali Kuu. Kile kidogo kinachokusanywa minadani na magulioni ndicho ambacho halmashauri ina uhuru mkubwa zaidi wa kukipangia, na ndicho tunachopaswa kukiulizia kwa bidii.

Igunga ina historia ya pekee katika jambo hili. Ni hapa, kati ya mwaka 1995 na 1996, ulipojaribiwa kwa mara ya kwanza nchini Mfuko wa Afya ya Jamii. Kaya ilichangia kiasi maalumu kwa mwaka ili ipate matibabu katika zahanati na vituo vya afya, na michango hiyo ikaongezewa na Serikali kwa utaratibu ulioitwa “tele kwa tele”. Kutokana na jaribio hilo, Bunge lilitunga Sheria ya mfuko huo mwaka 2001, nao ukaenea katika wilaya nyingine. Mwaka 2018 mfuko uliboreshwa, na kaya ya watu wasiozidi sita ikatakiwa kuchangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 ikatungwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Hata hivyo, kwa miaka mingi idadi ya wanachama wa mfuko huo nchini ilibaki ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Umaskini ulichangia, lakini haukuwa sababu pekee. Wengi walijitoa au hawakujiunga kwa kuwa walifika dirishani na kadi mkononi, wakaambiwa dawa hakuna. Mtu akitoa shilingi yake kisha asione matunda yake, mwaka unaofuata hatoi. Imani ya wananchi ni sehemu ya hazina ya wilaya, nayo ikipotea haijazwi kwa amri wala kwa matangazo.

Ndiyo maana tunasema waziwazi: fedha zinapopungua, kuendesha huduma iliyopo kutangulie kujenga jengo jipya. Tunajua hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Masika yanapofurika katika mbuga za Wembere na bonde la Manonga, mama mjamzito anayeishi mbali na zahanati yumo hatarini, na kwake ukuta mpya karibu na nyumbani ni uhai. Wananchi pia hupenda kuchangia kitu kinachoonekana, na ndiyo sababu vijijini hufyatua matofali na kusimamisha maboma kwa nguvu zao. Nchi nzima iliona mwaka 2021 jinsi mkopo wa shilingi trilioni 1.3 ulivyowezesha ujenzi wa madarasa 15,000. Hatuyabezi hayo. Lakini darasa huhitaji mwalimu, na zahanati huhitaji mganga, dawa na maji kila siku ya Mungu. Bwana wetu, katika Injili ya Luka sura ya 14, anamtaja mtu anayeanza kujenga mnara bila kuketi kwanza na kupiga hesabu, akaishia kuchekwa. Boma lisilopauliwa ni huzuni. Zahanati iliyopauliwa na kubaki tupu ni huzuni zaidi, kwa sababu huwadanganya wagonjwa.

Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatupatia kipimo. Kanuni auni, iliyofafanuliwa na Papa Pio XI mwaka 1931, inadai kwamba kile ambacho jumuiya ndogo inaweza kukifanya isinyang'anywe na mamlaka ya juu. Lakini kanuni hiyo ina upande wa pili: jumuiya ndogo isikimbie wajibu wake.

Wajibu huo una mahali pake. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kufanyika kila miezi mitatu, na ambamo mapato na matumizi husomwa. Tangu mwaka wa fedha 2017/2018 fedha za kuendesha zahanati na vituo vya afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo, nazo husimamiwa kwa kushirikiana na kamati zenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zihimize wanachama wake kuhudhuria mikutano hiyo, kugombea nafasi katika kamati hizo, na kuuliza kwa heshima maswali matatu: ni kiasi gani kiliingia? Kilinunua nini? Na jengo linalopangwa litaendeshwa na nani, kwa fedha zipi?

Wazee wetu wa njia ya misafara, iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, waliita “hongo” ile ada ambayo msafara ulimlipa mtemi ili upite nchini mwake. Leo neno hilo limebaki kuwa jina la rushwa. Ushuru tunaolipa sasa nao waweza kuchafuka jina vivyo hivyo, kama hausomewi hesabu mbele ya walioulipa.

Kanisa nalo halina ruhusa ya kunyoosha kidole tu. Tangu makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na Makanisa, hospitali zetu nyingi nchini zimepokea ruzuku ya umma. Basi parokia na taasisi zetu ziwe za kwanza kubandika hesabu zao ukutani. Paroko na halmashauri ya walei wakisoma mapato na matumizi bila kuficha, mwamini atajifunza kudai hivyohivyo kijijini, naye hatahesabiwa kuwa mchochezi. Sarafu mbili za yule mjane hekaluni zilipimwa na Kristo mwenyewe. Za mjane wa Igunga, awe amezitoa kanisani au gulioni, zinastahili kuhesabiwa kwa uaminifu uleule.